Maharaja wa Baroda na kijana aliyekosa chumba

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wa rika langu, hamjambo? Leo ninazungumza nanyi kutoka Vadodara, jimbo la Gujarat nchini India, mji ninaosomea. Niko ndani ya bustani ya Sayaji Baug, ambayo wenyeji wamezoea kuiita Kamati Baug. Mkipita Mombasa au Kampala mkaona bango la Bank of Baroda, jueni kwamba Baroda ndio mji huu, na mwanzilishi wa benki hiyo, mwaka 1908, ni mtawala wake, Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Tatu.

Bwana huyu hakuzaliwa ikulu. Alizaliwa mwaka 1863 katika kijiji cha Kavlana, kwa watu wa jembe, akaitwa Gopalrao, na hadi anatimiza miaka 12 hakujua kusoma. Mwaka 1875 Waingereza walimng'oa Maharaja Malharrao, aliyetuhumiwa kutaka kumuua mwakilishi wao, Kanali Phayre, kwa kumtilia sumu kwenye sharubati. Jamnabai, mjane wa mtawala aliyetangulia, akaruhusiwa kuasili mrithi, na wavulana wa ukoo wakaletwa achague. Inasimuliwa kuwa walipoulizwa wamefuata nini mjini, Gopalrao alijibu bila kusita kwamba amekuja kutawala.

Akatawala kweli, hadi alipofariki mwaka 1939. Ikulu yake ya Lakshmi Vilas bado ipo, na kila mgeni hupelekwa huko kwanza, lakini mimi kinachonivutia zaidi ni shule. Mwaka 1906 elimu ya msingi ilifanywa ya lazima katika himaya nzima, kwa wavulana na wasichana, na mzazi aliyemficha mtoto nyumbani alitozwa faini. Baadaye akamwita mkutubi kutoka Marekani, na masanduku ya mbao yaliyojaa vitabu yakaanza kusafirishwa hadi vijijini. Nadhani aliyeanza kusoma akiwa na miaka 12 hakuhitaji kuelezwa umuhimu wa kitabu.

Waingereza nao hawakumwelewa vizuri. Katika baraza kuu la Delhi, Desemba 1911, kila mtawala alitakiwa kumwinamia Mfalme George wa Tano mara tatu kisha arudi kinyumenyume asimpe mgongo. Yeye aliinama mara moja tu, akageuka, akaondoka na bakora yake mkononi. Magazeti ya Uingereza yalichachamaa, naye akalazimika kuandika barua ya kuomba radhi, maana kiti chake cha enzi, pamoja na heshima ya kupigiwa mizinga 21, kingeweza kuondolewa kama cha Malharrao.

Mwaka 1913 alimfadhili kijana mmoja, Bhimrao Ambedkar, wa tabaka lililohesabiwa kuwa najisi, kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa pauni 11.50 kila mwezi. Sharti lilikuwa arudi kuitumikia Baroda, naye akarudi mwaka 1917. Ofisini tarishi walimrushia mafaili mezani kwa mbali wasije wakamgusa, na hakuna aliyekubali kumpangisha. Alijificha katika nyumba ya wageni ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, kwa jina lisilo lake, mpaka siku ya 11 watu wenye fimbo walipomfuata na kumtaka aondoke jioni hiyohiyo. Alikuwa amemwandikia Maharaja kuomba makazi. Maharaja akalipeleka suala hilo kwa diwani wake, yaani waziri wake mkuu, na diwani hakufanya lolote.

Mimi mwenyewe nilipofika hapa, mwenye nyumba mmoja aliniambia chumba kimeshachukuliwa, na kibao cha kupangisha kikaendelea kuning'inia mlangoni wiki nzima. Nilipata kwingine siku ya tatu, kwa hiyo silinganishi. Ila tangu hapo najiuliza: mtawala aliyeweza kumtoza faini baba wa kijijini kwa kutompeleka binti shule, alishindwaje kumpatia afisa wake mwenyewe chumba kimoja mjini kwake?

Ambedkar ndiye aliyekuja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Siku ile alipofukuzwa alikuja kukaa katika bustani hii, bustani ya Maharaja, akalia huku akisubiri treni ya usiku ya kwenda Bombay.