Paa la kuficha na masika ya mlimani (mhadhara, Moshi)

Shikamooni wazee, na vijana mambo zenu. Nimeombwa niongelee staili za nyumba, nikizitaja zote hatutoki leo, kwa hiyo naongelea paa tu, maana nyumba zetu za siku hizi ukitoa paa ni zile zile, sebule, jiko, masta na vyumba viwili.

Wazee wa Kichagga walijenga msonge, wa duara, umeezekwa nyasi au majani makavu ya migomba kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, ng'ombe humo humo ndani. Paa limesimama vile, maji yatakaa wapi? Akaja Mwingereza na bangaloo, staili aliyoitoa India, nenda Shanty Town, mtaa wa hapa hapa Moshi, zipo mpaka leo, baraza pana na paa limetokeza nje kukinga jua. Mimi hizo nazipenda, siwafichi.

Sasa hii kontemporari yenu, nyumba ya paa la kuficha. Ulaya boksi jeupe la paa bapa lilivuma miaka ya 1920, msanifu majengo Le Corbusier akamaliza nyumba ya Villa Savoye kule Ufaransa 1931, kwenye picha nyumba kali, ila ilivuja mpaka mama mwenye nyumba akawa anamwandikia barua za kulalamika. Na kule hakuna masika!

Yetu wala si bapa, ndani kuna bati limelazwa na ukuta umepandishwa lisionekane, maji yote yanaingia kwenye gata iliyobanwa katikati. Haya, njoo mlimani, Machame au Kibosho, kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa miparachichi na migrevilea, jani likianguka kwenye paa la kawaida linateleza chini, kwenye hili la kuficha linabaki kwenye gata, wenzake wanalifuata, bomba linaziba, mwezi wa nne gata inafurika na maji yanarudi ndani chini ya bati. Utaanza kuona doa la njano kwenye jipsam pale konani. Fundi anakuja anapaka silikoni, anakula hela yako, mvua ikirudi doa nalo limerudi, maana tundu halikuwepo, ni majani.

Ukiitaka lazima sikukatazi, hasa huku chini Pasua au Majengo mvua ni nafuu. Ila bana fundi aongeze slopu, gata iwe pana mtu aingie akazoe majani, mabomba yawe zaidi ya moja, halafu atoboe ukuta mahali maji yatokee nje gata ikijaa. Na ngazi nunua yako, ya jirani utaazima mpaka mgombane.

Haya, dada kule nyuma kanyoosha mkono muda mrefu, uliza.