Kidole Kibonyeze, Saa Iandike

Asanteni kwa kufika. Chukueni mtu anayesikiliza mahojiano ya saa mbili, anataka kuweka alama kila mada inapobadilika. Akitumia kalamu, inabidi atazame saa, aisome, aandike. Akiinua kichwa, msemaji keshafika mbali. Iachieni kompyuta kazi hiyo. Kidole kibonyeze «m» kwa mada mpya, «s» kwa swali, na masikio yabaki kwenye mazungumzo.

Skripti yenyewe, yaani programu fupi ya kufanya hivyo, ni mistari kama kumi na mitano ya lugha ya Python: ngoja herufi, soma saa, andika mstari kwenye faili. Kinachowasumbua wanaoanza ni teminali, lile dirisha la kuandikia amri. Kwa kawaida haikabidhi herufi mpaka ubonyeze Enter, kwa hiyo unaishia kurekodi wakati wa Enter. Kwenye Linux, amri ya Python iitwayo tty.setcbreak huondoa kungoja huko. Ukimaliza rudisha hali ya awali, la sivyo utaandika amri usizione.

Sasa saa, na hapa naomba tutulie kidogo. Amri ya time.time() huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, lakini saa hiyo hurekebishwa kupitia mtandao na inaweza kurudi nyuma kazi ikiendelea. Alama ya tano ikaonekana imetangulia ya nne! time.monotonic() hairudi nyuma kamwe, ila namba yake haikuambii tarehe. Mimi naandika tarehe mara moja mwanzoni, kisha vipindi vyote napima kwa monotonic.

Na kila mstari uufuatishe na flush(), amri inayosukuma maandishi yaende kwenye faili papo hapo. Niliwahi kufunga dirisha kwa bahati mbaya, alama nilizokuwa nimeziweka zikapotea kwa sababu zilikuwa bado kwenye kumbukumbu, hazijafika kwenye faili. Iliniuma sana.

Msidanganywe na desimali sita za saa ya kompyuta. Kibodi nyingi za USB huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8, na kidole chenyewe huchelewa kama sehemu ya tano ya sekunde baada ya sikio kusikia. Desimali mbili zinatosha.

Kabla ya kazi halisi, ijaribuni hivi: washeni metronomu, kifaa cha kupiga midundo sawasawa, kwenye midundo 60 kwa dakika, mbonyeze kila mdundo mara thelathini, kisha mtoe kila muda kwenye unaoufuata. Mtaona 0.97, 1.04, 0.99. Huo mtawanyiko ni wa kidole chako. Uandike juu kabisa ya faili.