Kumbikumbi wa Mfuko

KALENGA: Wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, jambo yenu! Yaya Mado amekuja na uso wa Jumanne.

MADO: Shemeji alifika Jumanne kutoka Kasenga na kumbikumbi wabichi, wametoka safari wakiwa ndani ya plastiki iliyokazwa fundo. Nikawatupa wote. Mpaka leo hanisemeshi.

KALENGA: Wa mvua ya kwanza? Yaya!

MADO: Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal liliandika habari za watu nchini Kenya waliopata botulizimu kwa kula kumbikumbi waliofungiwa kwenye plastiki. Bakteria wake, Clostridium botulinum, anaishi udongoni, na anastawi pasipo hewa. Sumu yake inalegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia.

KALENGA: Ila sumu hiyo moto unaiharibu. Ungewachemsha barabara, tungekula.

MADO: Na bakteria mwingine, Bacillus cereus, je? Mbegu zake zinastahimili maji yanayochemka. Chakula kikikaa na uvuguvugu zinaamka, na sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukikaanga upya. Ndiyo maana viwavi wa jioni pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, siwagusi: wamekaangwa asubuhi, wameshinda kwenye beseni, jioni wanapitishwa tena kwenye mafuta.

KALENGA: Mimi nawanunua, ila wakitolewa kwenye karai mbele ya macho yangu. Na nyumbani, maji ya kwanza ya kuchemshia viwavi wakavu hayamwagwi.

MADO: Yanamwagwa! Viwavi wameanikwa chini, wana mchanga, tumboni wana mavi.

KALENGA: Wakikamuliwa vizuri kabla ya kukaushwa, tumboni hamna kitu. Mchanga unauosha kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuchemsha. Yale ya kuchemshia ndiyo mchuzi! Mama anatia nyanya, kitunguu, karanga zilizotwangwa...

MADO: Kwetu anayepika na maji ya kwanza hapewi sufuria tena.

KALENGA: Basi kwenu mnakula bukari, yaani ugali, na maganda. Fundi wa mitambo anacheka. Fundi, kwenu mnamwaga?

MADO: Anatikisa kichwa. Hamwagi! Jamani, nimezungukwa.

KALENGA: Dada mmoja wa Katuba ametuma ujumbe: anamwaga nusu.

MADO: Nusu ya mchanga inabaki wapi?

KALENGA: Turudi kwa shemeji. Mtu amebeba chakula kutoka mbali, unakitupa bila hata kukiweka motoni. Hilo silikubali.

MADO: Nani alijua plastiki ile ilipata joto gani njiani? Sufuria haikuambii ndani mna sumu gani. Nina watoto mezani. Ningetupa tena kesho.

KALENGA: Na mimi ningewachemsha.

MADO: Pika kwako.

KALENGA: Ungemwambia walau wakati ujao awapitishe motoni kulekule, awaanike, awabebe kwenye kikapu.

MADO: Hilo nitamwambia, akinisemesha. Kuhusu Jumanne sibadili.

KALENGA: Wala mimi. Fundi ananionyesha saa. Tulikuwa na mambo matatu ya kuwafundisha, hata la kwanza hatujafika.

MADO: Moja tu, haraka! Gunia la viwavi likinuka ukungu, liacheni hapohapo. Kuna ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini, na hiyo haitoki kwa kuchemsha wala...

KALENGA: Dada wa Katuba anauliza, ile nusu ampe nani?

MADO: Kalenga, niache nimalize, watu wananunua magunia ha...