Jinsi ya Kulinganisha Miundo Miwili ya Setilaiti

Fungua jedwali jipya. Tunalinganisha miundo A na B ya setilaiti ndogo ya kupiga picha za ardhi.

Anza na masharti ya lazima, kila moja liwe na namba. Usiandike "picha safi", andika "pikseli moja isifunike zaidi ya mita 6 za ardhi." Sharti la lazima halipewi alama. Muundo ukishindwa kulitimiza, unatoka.

Sasa piga hesabu ya ardhi inayofunikwa na pikseli moja. Zidisha kimo cha obiti kwa upana wa pikseli ya kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), kisha gawanya kwa umbali wa fokasi wa lenzi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mahali inapokusanya picha. Yote miwili ina pikseli za mikromita 5.5 na fokasi ya sentimita 50. A iko kilomita 500 juu: tunapata mita 5.5, imepita. B iko kilomita 600: mita 6.6, imeanguka. Lakini usiifute. Ipe fokasi ya sentimita 60, inarudi mita 5.5.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Lenzi hiyo ni kubwa na nzito zaidi, kwa hiyo uzito wa B lazima upande, na gharama ipande nao. Ukirekebisha safu moja ukaziacha nyingine, unalinganisha setilaiti isiyoweza kujengwa. Akiba ya uzito, yaani uzito wa ziada unaotengwa kwa yasiyotarajiwa, nayo iwe sawa: A ikipewa asilimia 20, B ipewe 20.

Vilivyobaki vipe alama hadi 10. Gharama ina umuhimu wa asilimia 40: A 8, B 5. Maisha obitini, asilimia 35: A 5, B 8, kwa sababu hewa ya kilomita 600 ni nyembamba zaidi na haiipunguzi kasi sana. Muda wa kuwasiliana na kituo cha ardhini, asilimia 25: A 5, B 6. Uzito usiupe safu yake ya alama. Tayari umo ndani ya gharama, utauhesabu mara mbili.

Zidisha kila alama kwa asilimia yake, kisha jumlisha. Jumla: A 6.2, B 6.3. Usitangaze mshindi! Hamisha asilimia 5 kutoka maisha kwenda gharama. Sasa A ina 6.35, B 6.15. Mshindi amegeuka, maana yake jedwali bado halijaamua. Tafuta bei halisi ya lenzi ya fokasi ya sentimita 60, kisha jaza upya safu ya gharama.