Herufi L: Taarifa ya Daktari wa Lincoln na Majalada ya Kanda ya Ziwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nashukuru mmekuja kusikiliza habari za makaratasi jioni hii ya joto la Mwanza.

Rais Abraham Lincoln wa Marekani alipigwa risasi usiku wa Aprili 14, 1865, akitazama mchezo wa kuigiza mjini Washington, akafa asubuhi yake. Daktari wa kwanza kumfikia, Charles Leale, alikuwa kijana wa miaka 23 aliyehitimu wiki chache tu nyuma. Aliandika taarifa saa chache baada ya kifo, kisha taarifa ile ikasahaulika hadi mwaka 2012, mtafiti Helena Iles Papaioannou alipokuta nakala yake kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani.

Ilikuwa wapi? Hapa naomba tukae kidogo. Haikuibwa wala haikuungua. Ilikuwa kwenye boksi la barua alizoandikiwa Mganga Mkuu wa Jeshi, chini ya herufi L, yaani L ya Leale. Karani aliihifadhi vizuri kabisa kwa utaratibu wa ofisi yake, kwa jina la mwandishi. Kwake ilikuwa barua ya daktari kwa mkubwa wake. Na huyo mama hakuwa akiisaka hiyo. Alikuwa akipekua boksi baada ya boksi kutafuta barua za Lincoln.

Tazameni ilichobeba. Leale anamkuta Rais kitini, macho yamefumba, mkewe amemshikilia. Anadhani amechomwa kisu, maana muuaji alionekana na jambia. Anatafuta jeraha, halioni. Anapapasa kichwa, anagusa damu iliyoganda nyuma ya sikio la kushoto. Anaiondoa kwa kidole, pumzi inatulia kidogo. Ni maneno makavu ya mtu aliye kazini, nami nayaamini kuliko hotuba aliyoitoa mwenyewe mwaka 1909, uzeeni.

Sasa huku kwetu. Nasikia kila siku kwamba majalada ya zamani yamepotea. Mengine mchwa wameyamaliza, sibishi. Lakini ukitafuta Bukoba ya mwaka 1970 kwa jina la Kagera, utatoka mikono mitupu: mkoa uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979. Enzi za Mwingereza, Mwanza yenyewe ilikuwa chini ya Jimbo la Ziwa. Anayetafuta mila za Wasukuma aulizie pia karatasi za Hans Cory, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina lake. Na majalada mengine ya Tanganyika yalipelekwa Uingereza wakati wa uhuru. Leo yanasomwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London.

Barua ina pande mbili. Kama ya chama cha pamba haipo kwa aliyeandika, nendeni kwa aliyeandikiwa.

Na ninyi mlioachiwa masanduku na marehemu wazee wenu, Ukerewe, Magu, Sengerema: nawasihi, msiyapange upya. Barua ibaki na bahasha yake, furushi libaki na kamba yake, mpaka mtu aandike kipi kilikaa juu ya kipi.