Mtahini wa KCSE Hayuko Marekani

(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha nne na wazazi wao, Nairobi)

Hamjambo. Wazazi mliosimama nyuma, kuna viti huku mbele, njooni. Sitakaa kueleza Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani. Waliofika hapa wengi wameshafungua akaunti, na asiyefungua amuulize aliye kando yake. Nimekuja kusema jambo moja ambalo nimelisema katika kumbi nyingi za mji huu, na nitalirudia kwa sababu rasimu ninazoletewa hazibadiliki: katika insha za kuomba vyuo vya nje, bado mnamwandikia mtahini wa KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne.

Karatasi ya 102/1, ile ya insha ya Kiswahili, mnaijua. Insha mbili, ya kwanza ya lazima, kila moja isipungue maneno 400, alama 20. Ukianza na methali, jua likachomoza kwa madaha, ukatia tashbihi tatu na kufunga kwa funzo, mwalimu anafurahi. Ni sawa, ule ni mtihani wa lugha. Lakini kwenye ofisi ya udahili Marekani hakuna anayetoa alama za tashbihi. Msomaji wa kule ana faili lako zima mezani. Gredi zako anaziona. Barua ya mwalimu anaiona. Shughuli zako, nafasi kumi, kila maelezo yakiishia herufi 150, anaziona. Asichokiona popote ni namna unavyofikiri, na ndicho anachokitafuta katika insha ya maneno 250 hadi 650. Ukimrudishia humo gredi na vyeo vya kiranja, umemsomesha kitu kile kile mara mbili.

Siwalaumu sana. Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuwauliza mnafikirije. KUCCPS, ile idara ya kupanga wanafunzi vyuoni, inachukua gredi, inapiga pointi za klasta, yaani za masomo yanayodaiwa na kozi, inawapanga, basi. Ninayemlaumu ni yule anayewaambia, "Andika mateso, Wazungu wanapenda mateso."

Hapo nitakaa kidogo, mnivumilie. Rasimu za Nairobi zinaanza hivi: nilizaliwa katika familia maskini, mtoto wa tatu kati ya sita, mama alifulia watu nguo, nikasoma kwa koroboi, nikapata A, sasa nataka kuwa daktari nisaidie jamii yangu. Naona mzazi mmoja ananitazama vibaya. "Mwalimu, hayo ndiyo maisha yetu. Tuyafiche?" La hasha, mama. Yana mahali pake. Ndani ya fomu hiyo hiyo ya Common App kuna sehemu ya changamoto na mazingira, maneno 250. Andika pale, kavu: muhula wa pili wa kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani wiki tano kwa sababu ya karo, nikakosa maabara, ndiyo maana kemia ilishuka kutoka B hadi C. Lini, kwa nini, matokeo yake. Mwalimu anayekuandikia barua naye ayataje, tena yeye akiyasema yana uzito zaidi. Yakishakaa huko, insha inakuwa huru kuzungumza juu yako.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna binti ambaye mama yake anauza mtumba katika soko la Gikomba. Rasimu yake ya kwanza inasema, "Mama yangu huamka saa kumi alfajiri kutafuta riziki." Inaendelea hivyo ukurasa mzima. Mama huyo ningemdahili leo hii! Lakini anayeomba nafasi ni binti, na binti hayumo.

Basi mwulize. Jumamosi ukiwa pale sokoni, mikono yako inafanya nini? Anajibu: bale likifunguliwa, mimi ndiye ninayechambua. Kamera huku, fagia kule. Kamera ndizo nguo safi kabisa, fagia ni zile za mwisho. Kisha kuna rundo la katikati, na hilo ndilo lenye kazi. Kwa nini? Kwa sababu kamera inajiuza yenyewe na fagia hakuna anayeitegemea. Faida ya bale iko katikati. Haya, unajuaje blauzi hii iende kwa shilingi 150 na ile kwa 80? Hapo sauti inabadilika. Anatazama kwapa, zipu, ukosi. Anajua kwamba wanaokuja alfajiri ni wachuuzi wanaonunua wakauze mitaani, wanapiga hesabu ya kitakachobaki mfukoni. Wa mchana ananunua avae mwenyewe, na huyo rangi ikimpendeza hatazami mshono. Kwa hiyo blauzi moja ina bei mbili kwa siku moja. Siku fulani aliona mawingu, akaogopa, akashusha bei mapema. Mvua haikunyesha. Wateja wakafurika na rundo lilikuwa limekwisha kwa bei ya kutupa. Tangu hapo ana daftari: saa, bei, aina ya mteja, hali ya hewa. Amegundua kwamba mawingu ya asubuhi hayamwambii lolote.

Insha ni hiyo. Hajalitaja neno umaskini, na msomaji aliyeketi Ohio, kule Marekani, ameuona mwenyewe. Ameona pia mtu anayepima, anayekosea, anayerudi kukagua kosa lake. Profesa yeyote wa uchumi au takwimu angetaka mwanafunzi huyo darasani. Ila msomaji wa Ohio haijui Gikomba wala kamera, kwa hiyo mweleze kwa nusu sentensi, kama nilivyofanya sasa hivi. Usimwandikie historia ya soko.

Sasa vipimo. Tukio lenyewe lisile zaidi ya maneno 200. Maneno 350 hivi yaende kwa fikra: ulidhani nini, kikakwama wapi, ukabadilisha nini, swali gani bado linakusumbua. Yanayobaki ni ya kuunganisha. Wengi hufanya kinyume. Hadithi inakula maneno 550, kisha kwa haraka wanabandika "nilijifunza uvumilivu na kujituma." Futa hiyo. Kipimo changu ni kimoja: sentensi ambayo mwenzako wa dawati anaweza kuiweka katika insha yake bila kusema uongo, itoe. Ukiona imebaki maneno 90, usikasirike. Hizo 90 ndizo insha yako. Anzia hapo.

Kazi ianze hivi. Usitafute mada kubwa. Chukua karatasi, orodhesha vitu 20 vidogo: kitu unachokifanya bila kuambiwa, ubishi usioisha nyumbani, kitu ulichokiamini ukaacha kukiamini. Chagua vitatu, kila kimoja ukiandikie dakika 15 bila kufuta. Kinachokuvuta uendelee muda ukiisha, kipanue hadi maneno 900. Kiache siku kadhaa. Ukirudi, jaribu kukata aya ya kwanza yote. Mara nyingi insha inaanza aya ya pili, ya kwanza ulikuwa unapasha koo moto. Kisha isome kwa sauti. Ulimi ukikwaa, sentensi ina tatizo.

Mtu atauliza Kiingereza. "Changu si kizuri, mwalimu." Rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Sheng, upendavyo, fikra ije kwanza. Ukiipeleka kwa Kiingereza, tumia maneno unayoyatumia ukiongea na mwalimu wako. Msamiati wa kamusi unanuka mbali. Na usiwape walimu watano waisahihishe, kwa sababu kila mmoja atatia tashbihi yake. Mpe mtu mmoja, umwulize swali moja tu: sasa unajua nini juu yangu ambacho hukukijua? Akijibu "una bidii," rudi mezani.

Akili mnemba? Nilijua mngefika huko. Common App imeiweka katika kanuni zake: kuwasilisha maudhui yaliyotungwa na akili mnemba kana kwamba ni yako ni udanganyifu. Lakini hata kanuni isingekuwepo, mashine haijui mteja wa alfajiri na wa mchana. Itakupa uvumilivu na kujituma, ile ile tuliyoifuta.

Muda unanikimbia, kwa hiyo Uingereza kwa ufupi, na wa Uingereza mnisikilize kwa sababu karibu yote niliyosema hayawahusu. UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya kule, kuanzia wanaoingia chuoni 2026, haitaki tena maelezo ya mfululizo. Ni maswali matatu: kwa nini somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umejiandaaje. Jumla herufi 4,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue herufi 350. Wanataka somo. Ukiomba uchumi, daftari la Gikomba liingie swali la tatu, sentensi nne. Ukiomba uuguzi, liache. Msichukue insha ya Marekani mkaikatakata mkaituma kule.

Chuo Kikuu cha California (UC) nao wana fomu yao: maswali manane, unajibu manne, maneno 350 kwa kila moja. Zile insha fupi za "kwa nini chuo chetu" nilikuwa nimeziandalia nusu saa, leo zimepotea. Jueni tu kwamba ukiweza kubadilisha jina la chuo na aya ikabaki sawa, hujaandika kitu.

Tarehe. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi ni 1 Novemba, na Novemba mko ndani ya KCSE. Kwa hiyo rasimu iwe imekamilika likizo ya Agosti, au usubiri uombe mwaka unaofuata ukiwa na matokeo ya Januari. Wengi hufanya hivyo na hakuna aibu. Saa ya mwisho kwenye Common App ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, kwa saa za mahali ulipo. Msidanganyike na hesabu za saa za New York. Mkishabandika insha kwenye fomu, fungueni mwoneko wa kuchapisha, yaani fomu jinsi itakavyoonekana kwa msomaji, muisome yote tena, maana aya hushikana na herufi za mlazo hupotea. Na fanyeni hivyo siku mbili kabla, stima ikiwepo.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama.