Zamu Moja Dhidi ya Nne: Mchezo wa Uhusika kwa Watu Wawili

Ndugu zangu wa Dodoma, hamjambo. Asanteni kwa kuja na jua hili.

Msimulizi mmoja na msikilizaji mmoja wanatosha kabisa. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Na mchezo wa uhusika wa mezani ndivyo ulivyo: mmoja anasimulia ulimwengu, mwenzake anasema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilichapishwa Marekani mwaka 1974. Ila mapambano yake yamepimwa kwa kundi, sio kwa mtu mmoja. Ukiyachukua yalivyo, mhusika wa mwenzako atakufa mapema, na utadhani ni dhaifu. Si dhaifu. Amezidiwa zamu.

Tuhesabu. Kwa kanuni za mwaka 2014, askari wa ngazi ya 1, yaani anayeanza, ana pointi 12 hivi za uhai na kinga ya 16, namba ambayo adui anapaswa kuifikia ili ampige. Mletee vibwengo wanne. Kibwengo anajumlisha 4 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo anahitaji 12 au zaidi: nafasi 9 kati ya 20. Akipiga, anaondoa wastani wa 5.5. Wanne kwa mzunguko mmoja, yaani kila mmoja zamu yake moja, wanaondoa karibu 10. Mzunguko wa pili askari yuko chini, naye amepata zamu mbili tu, kila moja ikiwa na nafasi 11 kati ya 20 ya kumpiga kibwengo mmoja. Kumpa upanga mkali zaidi hakutibu hapo, maana kwa zamu moja bado anaangusha mmoja.

Basi shughulikia zamu. Katika ngazi ya 1 weka adui mmoja, au wawili huku wa pili akichelewa mzunguko mzima. Mpe chupa mbili za dawa ya kuponya. Kila chupa ni dadu mbili za pande 4 kujumlisha 2, yaani wastani wa 7. Mruhusu anywe na bado apige katika zamu hiyo hiyo. Kwa kanuni hizo za 2014 kunywa kunakula zamu, na zamu ndiyo aliyopungukiwa.

Kisha mpe mwandani. Mmoja tu. Boksi la Essentials Kit la mwaka 2019 lina kanuni za wasaidizi kwa ajili ya mchezo wa namna hii. Mwandani ajaze pengo: askari apate mganga, mwizi apate mtu wa ngao. Karatasi yake ikae mkononi mwa mchezaji, na dadu zake azirushe mchezaji. Msimulizi akimshika mwandani vitani, atakuwa anarusha dadu za pande zote mbili huku mwenzake akimtazama. Nje ya vita unaweza kumsemea: ana njaa, anaogopa giza. Asitoe ushauri kamwe, kwa sababu mchezaji atausikia kama jibu la mwenye mchezo na ataacha kufikiri.

Uhai ukifika 0, katika kundi kuna mwenzako wa kukuinua. Hapa huenda hayupo. Kubalianeni kabla ya kuanza kwamba kuanguka ni kutekwa, kuporwa au kuokolewa kwa deni. Gharama iwe ya kweli: upanga umekwenda, au kijiji alichokuwa anakilinda kimehamwa. Pasipo gharama, dadu haimtishi mtu.

Fumbo nalo lina kichwa kimoja cha kulifumbua. Kila jambo analopaswa kugundua liwekee dalili tatu, mahali patatu. Tuseme mnachezea nchi yetu hii: simulizi ya Kigogo ya tembo aliyezama topeni, idodomya, inakotajwa asili ya jina la mji wetu. Tembo yule amelinda kitu chini ya tope. Dalili ya kwanza iko kwenye mchoro wa mwambani kama ile ya Kondoa, ya pili katika wimbo wa mpiga zeze, ya tatu kwenye chumvi iliyoganda kwenye mizizi ya mbuyu. Akipitwa na mbili, mchezo unaendelea.

Kama hamna dadu ya pande 20, chukua karata: kopa kuanzia ree hadi 10 ziwe 1 hadi 10, shupaza kuanzia ree hadi 10 ziwe 11 hadi 20. Vuta moja, irudishe, changanya upya. Usiporudisha, namba kubwa zikishatoka hazitarudi, na mchezaji makini ataanza kuzihesabu.

Muda: dakika 90 zinatosha. Hakuna kundi la kubishania mlango upi ufunguliwe, kwa hiyo matukio yanakwisha haraka. Andaa matano mafupi, sio mawili marefu. Mchezaji naye hapumziki, kwani kila swali ni lake. Baada ya kila pambano simameni dakika tano, mnywe maji. Yeye atumie nafasi hiyo kuandika anachotaka kufanya safari ijayo, nawe usiandae chochote kabla hujaisoma karatasi hiyo.